Nusu Kidonge

Kengele ya kwanza saa kumi na moja na nusu alfajiri,
kabla theluji haijazolewa mitaani Bochnia,
kabla Wincenty hajageukia ukutani.
Kidonge kimoja na nusu, maji ya uvuguvugu,
kisha nalala chali
nikijisubiri nifike.

Hufika polepole. Kwanza vidole,
halafu majina ya watu,
halafu hamu ya kuvaa soksi.

Mwaka ule, kabla ugonjwa haujapata jina,
nilikuwa nakunywa maji ya matango ya kuchachusha
moja kwa moja kutoka kwenye chupa,
nimesimama gizani, mlango wa friji wazi,
mwizi nyumbani kwake mwenyewe.
Baba alichimba chumvi miaka thelathini chini ya mji huu,
akarudi nayo kwenye nyusi, kwenye mikunjo ya shingo;
bonge lake la ukumbusho lilikaa juu ya kabati.
Nikaliramba. Mwanamke mzima,
mwenye ufunguo wa ofisi ya posta.

Nikisema nimechoka, waliniambia natia chumvi.
Laiti wangejua.
Ngazi hamsini na nne hadi mlangoni kwetu:
nilikuwa nakaa ya ishirini, nakaa ya thelathini na saba,
mfuko wa viazi mapajani,
nikijifanya nasoma barua.
Mikunjo ya viganja ikageuka kahawia, fizi zikaingia wino.
Februari, wenzangu wa kaunta wakauliza
ni ufukwe gani nilikokwenda bila kuwaaga.
Daktari wa kwanza aliandika: apunguze mawazo.
Wa pili aliandika hivyohivyo, kwa mwandiko mzuri zaidi.

Wa tatu sikumwona akiingia.
Nilikuwa sakafuni, kati ya mizani na vifurushi.

Yeye ndiye aliyeniambia: kula chumvi, usione haya.
Nina miaka arobaini na moja
na nimekula chumvi nyingi kumshinda bibi yangu wa tisini.

Sasa najua. Juu ya kila figo kuna tezi,
imeikalia kama kofia ya mtoto mchanga,
na zangu mwili wenyewe umezitafuna;
askari wameichoma nyumba waliyopewa kuilinda.
Wengine hutengenezewa hofu yao bure,
gari likipiga breki, damu yao inajua la kufanya.
Mimi hofu yangu nainunua duka la dawa
na risiti naitunza.

Homa: mara mbili.
Kung'oa jino: mara mbili.
Mama alipofariki nilisimama jikoni na kalamu
nikipiga hesabu ya msiba,
miligramu ngapi za kulia,
ngapi za kusimama kaburini katika upepo ule,
ngapi za shangazi Bogumiła na maneno yake.
Nilikosea. Nililia kuliko nilivyomeza.
Wincenty, aliyejifunza sindano kwa kuchoma machungwa
mpaka nyumba nzima ikanukia Krismasi,
alinichoma pajani, juu ya soksi nyeusi, nyuma ya kanisa,
mikono yake ikitetemeka kuliko yangu.
Hatujawahi kulizungumzia.
Yale machungwa hakuna aliyeyala.

Jagoda, wa miaka sita, aliuliza kama nitapona.
Hapana, nikamwambia.
Akafikiri, mguu mmoja ndani ya kiatu.
"Basi dawa ni kama mkate wako?"
Ndiyo. Ila hauna siagi.

Leo, kengele ya saa kumi alasiri,
nusu ya mwisho imeniponyoka
ikabingirika chini ya friji.
Zimo nyingine kwenye boksi. Najua.
Lakini nimepiga magoti na sindano ya kufumia sweta,
tochi ya simu, shavu sakafuni,
nakibembeleza kitu cheupe
kidogo kuliko ukucha wangu
kitoke, kije, vumbi na yote,
kwani mlangoni Jagoda ameshavaa glavu
na kamba ya kijigari cha theluji ameishika mkononi.